Ukerewe: Nilimfuata Mwandishi Niliyemchukia

Jamani, wapo wanaokwenda Zanzibar kuogelea, na wapo wanaokwenda Serengeti kumpiga picha simba huku wamejifungia ndani ya gari. Mimi mwenzenu likizo yangu ya mwaka huu nimeimalizia kisiwani Ukerewe, nikifuata nyayo za mtu niliyemchukia tangu nina miaka kumi na moja. Hatukuwahi kuonana. Hakunidhulumu hela wala hakunichukulia mchumba. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliandika kitabu.

Mtu mwenyewe ni Euphrase Kezilahabi. Kama umepita sekondari za Bongo, jina hilo unalo kichwani hata kama hulitaki. Na ninavyowajua wasomaji wangu, nusu yenu mmeshaguna. Mmoja anasema, "Si ndiye yule wa Nagona? Alinitesa yule mzee!" Mwingine anakumbuka Rosa Mistika na kusonya. Tulieni kwanza, hata mimi nilikuwa upande wenu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1998, nyumbani kwetu Mwanza, dada yangu alikuwa kidato cha tatu. Jumapili moja alirudi na kitabu alichokivika jalada la gazeti, akawa anakisoma nyuma ya nyumba karibu na banda la kuku. Baba akapita. Baba yetu alikuwa karani wa serikali, mtu wa kanisa, mtu wa saa, mtu ambaye akikohoa sebuleni hata paka anakaa vizuri. Akanyoosha mkono, akapewa kitabu, akafungua lile jalada, akaona jina: Rosa Mistika. Hakusema neno. Kesho yake jioni, mama akiwa anapika makande, baba akaja jikoni, akakitia kitabu kwenye jiko la mkaa na kukipekecha kwa koleo mpaka kikaisha. Halafu akavua mkanda.

Miaka miwili baadaye dada alimaliza kidato cha nne, akapanda basi kwenda Dar. Hakukanyaga tena nyumbani kwa miaka tisa. Marehemu mama alikuwa na maelezo yake, na alimwambia kila mgeni: "Kitabu ndicho kilichoniharibia mwanangu." Nami mtoto mdogo nikaamini. Kila nilipoliona jina la Kezilahabi kwenye kabati la vitabu shuleni, nilihisi namwona mwizi aliyemchukua dada yangu.

Sasa mwaka huu nikiwa saluni kwa dada, huku Mbagala, mteja mmoja akakitaja kile kitabu. Nikatoa hukumu yangu palepale: mwandishi yule alivunja nyumba yetu. Dada akaacha kusuka, akanitazama kama vile nimeongea Kichina. "Kitabu kipi? Kile? We mtoto, mimi sikuwahi kukimaliza. Baba amekichoma niko ukurasa wa arobaini." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kwa hiyo miaka yote hiyo mlisema nimeharibiwa na kurasa arobaini?"

Nilirudi Sinza nikiwa mpole. Wiki iliyofuata nikanunua Rosa Mistika, nikakisoma kwa siku mbili, nikaomba likizo.

Basi la kutoka Dar lilinishusha Nyegezi usiku. Nyegezi hiyohiyo ndiko Kezilahabi alikosoma seminari kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967. Yaani aliyeandika kitabu kilichowaudhi wacha Mungu alilelewa na mapadri. Nikalala kwa baba. Aliponiuliza naelekea wapi nikasema Ukerewe. "Kuna nini Ukerewe?" Nikamwambia. Akakohoa kile kikohozi chake, akaingia kulala.

Asubuhi nikakata tiketi ya meli bandarini. Ukerewe iko kaskazini mwa Mwanza, na meli inatumia kama saa tatu na ushei kufika Nansio. Wenye haraka na wanaoogopa maji marefu huzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha wanavuka kwa kivuko kifupi. Na hofu ya maji kwetu sisi watu wa Ziwa haichekeshi. Mei 21, 1996 tulipoteza mamia ya watu kwenye MV Bukoba, na Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka jirani na kisiwa cha Ukara, huko huko wilayani Ukerewe, wakafa zaidi ya mia mbili. Meli ikipiga honi, utaona kina mama wanafanya ishara ya msalaba na wengine wananong'ona dua. Baada ya hapo vicheko vinaanza.

Nilikaa kati ya gunia la mchele na kreti za soda. Mbele yangu walikuwa wasichana wawili wa sekondari wanaorudi nyumbani. Mmoja akakiona kitabu mkononi mwangu, akakunja uso. "Kaka, hicho unakisoma kwa hiari yako?" Nikamwuliza kimemfanya nini. "Mwalimu alitukaririsha dhamira, wahusika, mandhari, falsafa ya mwandishi, mpaka nikimwona Rosa ndotoni namkimbia. Na usipojibu unakula fimbo."

Nikacheka peke yangu. Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi. Mambo yaliyomo, yaani mapenzi ya wanafunzi, mimba, kutoa mimba na wakubwa wanaowatumia wasichana, yaliwashtua watu, kikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye upepo ukageuka, kitabu kilekile kikarudi mashuleni kama kitabu cha kiada. Kwa hiyo kizazi cha kwanza kilichapwa kwa kukisoma, na kizazi kilichofuata kikachapwa kwa kutokisoma. Sasa hapo mwandishi atapendwa na nani?

Nansio ni mji mdogo wenye haraka zake. Ukishuka tu gatini unapokewa na harufu ya dagaa, bodaboda kumi zinazokuita "bosi", na embe zilizopangwa chini kwa mafungu. Baiskeli nazo bado zina heshima yake. Kisiwa chenyewe ni kikubwa kuliko unavyodhani, maana ndicho kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Ni kisiwa cha mawe: mawe makubwa ya rangi ya majivu yamepandana kama mikate sokoni, na katikati yake mihogo, mipunga na michungwa. Wenyeji ni Wakerewe, Wajita, Wakara na wengine.

Nikaingia kibanda cha chai, nikaagiza chapati na supu ya sato. Pembeni alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu mwenye redio ndogo. Nikampa shikamoo, nikaweka kitabu mezani kama chambo. Akakivuta, akakigeuza, akakirudisha. "Riwaya sina ugomvi nayo. Huyu kijana wetu aliharibu kwenye mashairi."

Hapo nikajua nimepata mtu. Mzee huyu ni wa kizazi cha kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania, watu waliokuwa wakisikia shairi wanahesabu mizani kwa vidole. Kwao sheria zilishawekwa, na Sheikh Amri Abedi alishaziandika kitabuni mwaka 1954. Halafu mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyojaa mashairi yasiyo na vina wala mizani. Ukazuka ugomvi mkubwa, magazetini, vitabuni na vyuoni. Wapo waliosema huyu ameleta uzungu kwenye ushairi wetu, na wapo waliomfuata.

"Lile si shairi," mzee akaniambia, kidole juu. "Ile ni barua iliyokatwakatwa na panya."

Nikamwuliza kama alikisoma chote. Akanywa chai polepole. "Nimekisoma mara tatu, nikitafuta makosa." Halafu akanisomea kwa kichwa, bila kukosea, mistari kama minane hivi ya Kichomi hichohicho, huku akitikisa kichwa kwa kukasirika. Msomaji wangu, mimi sijui kuchukia kwa namna hiyo. Ninachokichukia mimi sikikumbuki.

Kesho yake nikachukua bodaboda kwenda Namagondo. Hapo ndipo Kezilahabi alipozaliwa mwaka 1944, na hapohapo ndipo alipoiweka familia ya Rosa. Kwenye riwaya kuna Zakaria, baba mlevi. Kuna mkewe Regina anayepigwa na kuvumilia, na kuna mabinti watano na mtoto wa kiume mmoja. Rosa ndiye mkubwa. Anapigwa na babake kwa sababu ya barua ya mvulana, anakua akiogopa hata kuwatazama wavulana, halafu anapotoka kwenda kusoma mbali na macho ya baba anakuwa kama ndama aliyekata kamba. Mwisho wake anajiua.

Sikwenda kutafuta nyumba ya mtu. Nilitaka kuona tu mahali penyewe. Na mahali penyewe, nawaambia kweli, panakukatisha tamaa kwa upole wake: njia ya vumbi, miembe, mihogo imeanikwa juu ya mawe, watoto na ndoo za maji. Nilikuwa nimejiandaa kuona kijiji chenye uso wa huzuni. Badala yake nikaitwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipepeta mchele chini ya mwembe, akanipa kigoda na muhogo wa kuchemsha kabla hajaniuliza jina.

Nilipomweleza kilichonileta akaguna. "Hicho kitabu kimetutesa, mwanangu." Akaniambia kwamba alipokwenda shule ng'ambo miaka hiyo ya sabini, kila alipotaja anakotoka wenzake walimcheka: wewe ndiye Rosa? Wavulana wakamfanya mzaha, na walimu wakamtazama kwa jicho la pembeni, eti wasichana wa huko ndivyo walivyo. "Alituanika. Nguo za ndani za kijiji kizima akazianika barabarani."

"Kwa hiyo alisema uongo?" nikamwuliza.

Ungo ukasimama. "Nani kasema uongo? Ningemchukia kwa uongo? Uongo mtu unaupuuza tu."

Nikaona nimwagie na langu. Nikamwambia kwamba kitabu nimekisoma na kuna kitu kimoja bado kinanikera, tena si kile kilichomkera baba. Kinachonikera ni mwisho. Mwandishi anamwonyesha msichana aliyefungwa na babake, akachezewa na wanaume, akaumizwa na dunia, halafu anamuua. Kwangu mimi ni kama naye amechukua mkanda na kumchapa. Kwa nini hakumwacha aishi, apande basi, aende Dar akafungue saluni?

Mama akanitazama muda mrefu. "Kwani unadhani wote walipata nauli ya basi?" Akaendelea kupepeta. Baadaye akaongeza, kama anauambia mchele, "Walikuwepo waliokufa kimyakimya, na hawakuandikwa na mtu."

Sikubishana naye. Lakini nawaambia, mwisho ule bado siupendi, na nimeacha kujilazimisha kuupenda.

Kutoka hapo nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke Kagunguli, kwenye misheni ya zamani. Huko aliishi mwandishi mwingine wa kisiwa hikihiki, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mzee huyu aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wasiojaliwa mtoto, na jinsi wanavyong'ang'aniana ndugu wakitaka kuwatenganisha. Ndani yake kuna kila kitu: kutengeneza pombe ya ndizi, kuvua, kutibu, kuposa, kuzika. Aliimaliza mwaka 1945, na hakuna aliyekubali kuichapa kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye, na mzee akafa mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Nilisimama pale kwenye kivuli cha kanisa nikiwaza. Kisiwa kimoja, waandishi wawili. Mmoja aliandika mume anayemfuata mkewe mpaka ukweni kumwomba arudi, akasubiri maisha yake yote. Mwingine aliandika mume anayempiga mkewe, akasomwa na kila mtu, akatukanwa na kila mtu. Sijui Kezilahabi alikuwa anajisikiaje akitukanwa. Lakini nadhani Kitereza angekubali kutukanwa, ili mradi mtu afungue kitabu.

Usiku ule gesti ya Nansio umeme ulikatika, nikawasha tochi ya simu nikatoa silaha ya pili: Nagona, cha mwaka 1990. Hiki ndicho kinachowakera wengi wenu, pamoja na ndugu yake Mzingile. Ni kitabu chembamba, unakitazama unasema nakimaliza kabla ya chai. Thubutu! Mtu anasafiri, anafika kwenye mji ulio kimya, anakutana na watu wasiojibu maswali ila kwa maswali mengine. Nikasoma kurasa kumi, nikarudi nyuma tano. Mbu wananipigia ngoma, nje mawimbi yanagonga mawe, na mimi sijui hata niko mji gani. Wataalamu wa chuo wanakisifu sana. Mimi nimekifikisha mwisho safari hii, na nawakiri waziwazi: sijaelewa nusu. Ila kuna jambo moja nililigundua kwenye lile giza. Kisiwani, umeme ukiwa umekatika, kile kitabu hakionekani cha ajabu kama kinavyoonekana kwenye daladala ya Mwenge. Wenye hasira na Nagona wakijaribu hivyo, huenda wakakasirika kidogo kidogo.

Nikarudi Mwanza Jumamosi na mfuko wa machungwa. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi lake nje, siku hizi macho yamepungua nguvu na ule mkanda unaishia kushika suruali tu. Nikamwamkia, nikakaa. Akamenya chungwa kwa kisu, taratibu, ganda likatoka zima kama kamba.

"Ulimwona?"

"Nani, baba?"

"Huyo mtu wako."

"Alifariki, baba. Januari 2020, Dar es Salaam."

"Mh." Akala chungwa lote bila kusema. Kisha, macho yakiwa barabarani, akaniambia, "Kitabu kile mimi nilikisoma chote. Usiku uleule. Mama yako alidhani naumwa tumbo, taa haikuzimwa mpaka alfajiri."

Nikabaki na chungwa mkononi. Miaka yote hiyo nilijua kwamba baba alichoma kitabu asichokijua. Kumbe katika nyumba yetu nzima, aliyekisoma mpaka mwisho alikuwa yeye peke yake.

"Sasa kwa nini ulikichoma?"

Akafuta kisu kwenye suruali. "Yule mzee wa mle ndani anakunywa pombe, mimi sinywi. Lakini mkono ni uleule." Akanyamaza kidogo. "Sikutaka mtoto asome, halafu anitazame wakati wa kula."

Haya, wewe ungesema nini? Mimi sikusema kitu. Kwetu mzee akishasema kitu kama hicho unamenya chungwa jingine. Lakini jioni, kabla sijaenda kupanda basi, niliiacha nakala yangu ya Rosa Mistika pale kwenye benchi, chini ya kofia yake. Nilipokuwa Nyegezi nikampigia dada nikamweleza neno kwa neno. Kwa muda nikasikia mashine ya kukaushia nywele tu.

"Kwa hiyo kitabu kiko kwake sasa hivi?"

"Kiko kwake."

"Mwambie asikichome. Krismasi naenda kukimalizia hukohuko, nimekaa mbele yake."

Basi, wasomaji wangu, hiyo ndiyo Ukerewe yangu. Ukienda, beba koti maana meli ina upepo, beba hela ndogo ndogo kwa ajili ya bodaboda, na usikatae muhogo. Beba na kitabu usichokipenda. Nami nangoja barua zenu: nyumbani kwenu kilichomwa kitabu gani, na je, mna hakika aliyekichoma hakukisoma?